Duara la Nukta Nukta

Msimu wa walimu wa mazoezi ukifika hapa Mtawanya, vijana hawaulizi choo kiko wapi wala maji tunateka wapi, maswali ambayo mtu mwenye akili zake angeanza nayo akishashuka kwenye bodaboda iliyomtoa Kibiti mjini. Wanaamkia vizuri, hilo siwanyimi. Shikamoo mwalimu, marahaba, habari za njiani, nzuri. Kisha linakuja lenyewe: "Mwalimu, soketi iko wapi?"

Soketi ipo. Iko ofisini kwa Mwalimu Mkuu, nyuma ya kabati la vitabu, na kuifikia kunataka uiname kwa namna isiyomfaa mtu anayengoja kiinua mgongo. Kutoka hapo imevutwa ekstensheni yenye matundu manne, na matundu hayo yana wenyewe. La kwanza ni la simu ya Mwalimu Mkuu. La pili ni la birika la umeme la Mwalimu Mkuu Msaidizi, mtu anayeamini kwamba chai ya kuni iliondoka na mkoloni. La tatu tunapokezana sisi wengine kwa orodha iliyobandikwa ukutani, na orodha hiyo imevunja urafiki wa watu waliosimamiana harusi. La nne liliungua zamani. Kazi yake siku hizi ni kumpa mgeni matumaini.

Msimu uliopita tuliletewa wawili, kijana na binti. Majina nayaacha, maana wote wawili wataomba ajira, na ajira za ualimu siku hizi zinagombewa. Chuo walichotoka nacho nakiacha, kina mambo yake ya kutosha. Serikali inawaita walimu tarajali. Sisi walimu tunawaita watu wa BTP, yaani wa mazoezi ya kufundisha. Watoto, ambao hawana muda na vyeo, wanasema ticha na madamu, basi.

Kijana alikuja na kompyuta mpakato, projekta ya kuazima, spika mbili, na nyaya ambazo mlinzi wetu alizitazama kwa jicho la mtu anayefikiria kuanika nguo. Binti alikuja na daftari na simu yenye kioo kilichopasuka.

Jioni ya kwanza tulikaa kibandani kwa mama wa vitumbua. Kijana akaniona nimekunja uso, akaamua kunielimisha. Akachukua kalamu, akavuta karatasi ambayo kitumbua changu kilikuwa bado kinajikausha mafuta juu yake, akachora maduara matatu yanayoingiliana. "Hili hapa, mwalimu, ni kulijua somo. Hili ni kujua kufundisha. Hili la tatu ni kuijua teknolojia. Sasa pale katikati, yanapokutana yote matatu, ndipo anaposimama mwalimu wa kisasa." Akaniambia mchoro huo umetoka kwa wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan State huko Marekani, Punya Mishra na Matthew Koehler, walioandika juu ya mambo hayo mwaka 2006, na kwamba mtihani wa chuo haupiti bila kuulizwa.

Nikaliona duara la nne, kubwa kuliko yote, alilolizungushia mchoro mzima kwa nukta nukta. Na hili je?

"Ah," akasema, "hilo ni muktadha." Akala kitumbua.

Nisiwaonee wale mabwana wa Michigan. Mchoro wao una akili. Kujua kuwasha kompyuta si kujua kufundisha kwa kompyuta, na mtu anaweza kuwa bingwa wa sehemu na desimali asijue kwa nini mtoto wa darasa la nne anakushikilia kwamba theluthi ni kubwa kuliko nusu. (Kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili, ticha, kwani hujui kuhesabu?) Ukimpelekea mtoto huyo kishikwambi kabla hujajua kosa lake linaanzia wapi, umempelekea kosa lilelile likiwa na taa. Hayo yote wameyaona. Na lile duara la nje walilichora kwa sababu waliliona pia.

Tatizo ni safari liliyosafiri. Huko vyuoni yale matatu ya ndani yamefundishwa muhula mzima, la nje likatajwa kengele inalia na wanafunzi wamekwisha kusimama. Na sisi ndio tunaokaa kwenye nukta! Mtawanya ni nukta. Mbwera ni nukta, Kiongoroni ni nukta, Salale ni nukta yenye mikoko pande zote. Soketi ya nyuma ya kabati ni nukta. Darasa la watoto mia moja na ushee ni nukta, tena hiyo inanuka jasho.

Basi kijana akafundisha mfumo wa jua, darasa la tano.

Waya ulitoka ofisini, ukapita dirishani, ukavuka uwanja wa paredi na kuingia darasani, na kwa ajili hiyo birika la Mwalimu Mkuu Msaidizi likachomolewa. Kidiplomasia, somo lilikuwa limeshagharimu sana kabla halijaanza. Projekta ikawashwa. Hakuna kitu ukutani. Madarasa yetu yalijengwa ili hewa ipite: madirisha hayana vioo, na juu ya ukuta kuna matofali ya matundu. Panapopita hewa hapazuii jua. Saa nne asubuhi mwanga wa Kibiti humo darasani unaweza kuanika korosho.

Kijana akatuma watoto. Wakaleta mikeka, wakaleta maboksi ya dukani, wakaleta kanga za mama zao ambazo sijui kama mama zao waliulizwa. Wakaziba. Sijaona darasa lililofanya kazi ya kikundi kwa moyo vile. Kukawa giza, na pamoja na giza likaja joto, na pamoja na joto watoto mia moja na ushee wakagundua kwamba ticha hawaoni.

"Ticha, ananifinya!"

"Nani anakufinya?"

"Simwoni!"

Ikatokea Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ikakaa juu ya alama ya popo. Zohali na mapete yake ikaangukia kwenye ufa wa ukuta, na mtoto mmoja akauliza kama ndipo ilipovunjikia. Swali zuri, kwa maoni yangu, lilistahili kujibiwa. Halikujibiwa, maana umeme ulikatika.

Hapa naomba nipumue kidogo juu ya umeme. Mto wetu huu, Rufiji, umefungiwa mitambo 9 kwenye Bwawa la Julius Nyerere, kila mtambo megawati 235, jumla megawati 2,115. Najivunia, kama Mtanzania. Ila utaratibu wake uko hivi: umeme unapanda nguzo kwenda Chalinze, na maji yanashuka kuja kwetu delta. Yaani sisi tunapokea maji yaliyokwisha kufanya kazi, na umeme tunausubiri urudi kutoka matembezini. Sitaji mtu. Nasema tu kwamba ulikatika katikati ya Zohali.

Kijana alisimama gizani mkono ukiwa umenyooka kuelekea ukuta mtupu. Hakuwa na chaki. Hakuwa na mpira wala chungwa wala kibatari cha kumzungushia mtoto mmoja awe dunia na mwingine awe mwezi, mchezo ambao mwalimu yeyote wa zamani angeucheza akiwa amesinzia. Na giza alikuwa nalo tayari! Giza zuri kabisa, limegharimu kanga za watu. Tochi moja ya simu ingetosha kufundisha usiku na mchana. Lakini andalio lake la somo lilikuwa kwenye kompyuta, na chuoni hakuna aliyemwambia kwamba kuna dakika ya kumi na moja. Akasema, "Watoto, tusubiri kidogo." Tulisubiri mpaka uji.

Baadaye alinipa pole, yeye ananipa pole mimi, akasema anaelewa kwamba "wazee wa chaki" hatukuzoea mambo haya.

Mimi nimekulia katika nchi iliyopiga marufuku kompyuta. Si utani. Hazina ilianza kuonja mashine hizo mwaka 1965, na ilivyoonekana ladha yake haikuwa nzuri, maana mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Miaka hiyohiyo ndugu zetu wa Unguja walikuwa wanatazama televisheni ya rangi. Sisi wa Bara televisheni yetu ilikuwa dirisha la jirani. Kwa hiyo siyo kwamba teknolojia ilinikuta nimelala, ilizuiwa bandarini.

Lakini nchi hiyohiyo, katika muongo huohuo, iliwafunda walimu kwa redio. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, na walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa shule za vijijini, wakawa wanafundisha huku wakijifunza kufundisha: masomo yanakuja kwa posta, vipindi vinakuja kwa Redio Tanzania, na anakuja Mratibu wa Elimu Kata kuangalia kama kweli. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana hivyo. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa wa UPE, kama mpango huo ulivyoitwa. Saa ya kipindi chake alikuwa anaweka redio ya betri juu ya dawati, anaandika, na sisi tunaambiwa tukachezee kelele zetu huko uwanjani.

Walisemwa sana, na mpaka leo ukitaka kumtukana mwalimu bila kupelekwa mahakamani unamwita wa UPE. Sitetei kila kitu. Wengine walitufundisha Kiingereza ambacho Mwingereza angekipigia magoti kukisihi. Lakini waliopanga mpango ule walianzia kwenye lile duara la nukta. Kijijini hakuna umeme, kwa hiyo betri. Posta inachelewa, kwa hiyo karatasi zitangulie kipindi. Kijana yuko peke yake, kwa hiyo mtu amfuate, hata kwa baiskeli. Chombo kilichaguliwa baada ya kuulizwa kinakokwenda.

Siku hizi kinaulizwa chombo kwanza. Tangu mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kuwekewa vyumba vya kompyuta. Jambo jema, sina neno. Ila ukiwauliza hawa wanaotujia walifanya nini humo chumbani, jibu halibadiliki: Word, Excel, PowerPoint na foleni. Wala tusijione peke yetu. Majirani zetu Kenya waliahidiwa kompyuta za watoto wa darasa la kwanza kwenye kampeni za mwaka 2013, na zilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 zilikuwa zimekwisha kuwa vishikwambi. Ahadi za vifaa husinyaa njiani. Mwalimu anayepelekewa hasinyai, anakaa palepale na watoto wake mia.

Sasa yule binti.

Darasa la pili hapa shuleni linasoma kwa pamoja. Ukisema "Ukurasa wa kumi, haya!" wanapokea wote, na sauti inafika barabarani, na mzazi akipita anamshukuru Mungu. Mimi huwa nazunguka. Kuna mtoto aliusoma ukurasa wa kumi wote bila kukosa hata silabi, kitabu akiwa amekishika juu chini. Wanaimba. Wanaosoma ni wachache, na hao wachache wanawabeba wengine kwa sauti mpaka darasa la saba, ambako mzigo unashushwa na Baraza la Mitihani.

Binti aliwatoa nje kwa vikundi, chini ya mwembe, akawa anampa kila mtoto mistari miwili asome mbele ya simu yake, peke yake, kisha anamsikilizisha. Hivyo tu. Hakuna bando, hakuna waya, hakuna kanga ya mtu.

Mtoto wa kwanza aliposikia sauti yake alikataa katakata. "Si mimi huyo." Wa pili akacheka mpaka akakaa chini. Wa tatu akasikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, "Madamu, pale nimeruka neno. Nirudie." Nikiwa nimesimama na fimbo yangu ya kuonyeshea ubaoni, nilijaribu kukumbuka ni lini mtoto wa darasa la pili aliniomba mimi arudie kitu.

Usiku, kwa kuwa chumba alichopanga hakina televisheni, alikuwa anazisikiliza sauti zote na kuandika daftarini. Huyu anaruka ng'. Huyu anasoma dhahabu kama zahabu. Huyu hasomi kabisa, anatazama picha na kukisia, na anakisia vizuri. Katika majuma machache alikuwa anawajua wasomaji wa darasa lile kuliko mwalimu wa darasa, ambaye ni mtu ninayemfahamu kwa karibu kwa sababu tunatumia wembe mmoja.

Nikamwuliza chuo kilimfundisha wapi hilo. Akasema hakikumfundisha, mama yake hajui kuandika, kwa hiyo wanatumiana sauti kwa WhatsApp, na amezoea kujua kila kitu kwa kusikiliza, hata mama akificha kwamba anaumwa.

Akazidisha. Mtoto mmoja aliyekuwa hasomi kabisa alipoanza kusoma, binti alimtumia baba yake ile sauti. Baba huyo anavua kamba huko chini delta, na mtandao anaupata kwa msimu. Jibu lilichukua siku kadhaa, nalo likaja kwa sauti vilevile, upepo ukivuma nyuma: "Mwalimu, umekosea namba. Mwanangu mimi hasomi." Akaelezwa. Hakuridhika. Aliposhuka Nyamisati na samaki wake alipanda gari mpaka Kibiti, akaja shuleni na ndala zake za matope, akasimama mlangoni akataka mtoto asome mbele yake, na si kitabu kile, maana kile huenda amekikariri. Akachomoa mfukoni risiti ya dizeli. Mtoto akasoma dizeli, akasoma lita, akasoma mpaka bei. Hapo mzee akatazama bei akaikunja haraka, pengine kwa sababu mkewe aliambiwa nyingine.

Siku ya tathmini mkufunzi alifika kwa gari la vumbi akiwa na fomu yake na haraka yake. Umeme haukuwapo. Kwa kijana alikuta projekta juu ya meza, kompyuta mpakato pembeni, spika kushoto na kulia, waya umevuka uwanja, mikeka iko tayari madirishani. Hakuna kilichowaka. Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku: "Matumizi ya TEHAMA." Akakitia alama nzuri, akaandika pembeni kwamba mwalimu tarajali amejiandaa vema. Sikatai, kujiandaa alijiandaa.

Kwa binti alikuta watoto saba chini ya mwembe. "TEHAMA iko wapi?" akauliza.

Binti akanyanyua simu.

"Hiyo ni simu," akasema mkufunzi, na kusema kweli hapo hakukosea.

Mimi ndiye mwalimu mlezi, nikasogea nikaanza kueleza habari za ng' na dhahabu. Mkufunzi alinisikiliza kwa adabu zote anazostahili mtu wa umri wangu, kisha akanionyesha kwamba fomu haina nafasi ya maelezo. Na alikuwa na shule nyingine ya kuwahi, kabla ya kiza.

Ningekuwa mimi natunga mtihani wa TEHAMA wa vyuo, karatasi ningeiacha. Ningempa kijana darasa lenye watoto mia, simu moja yenye chaji nusu, na bando la kumfikisha nusu ya video. Dakika ya kumi nakata umeme. Dakika ya kumi na tano naingia na kelele za mvua juu ya bati. Anayebaki anafundisha, huyo amefaulu, aende. Anayesema "tusubiri kidogo" anarudi mwaka wa kwanza. Na wale watakaopangiwa delta wapewe kipimo cha ziada pale Nyamisati: wasubiri maji yajae, wapande mashua na kompyuta ikiwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, wafike ikiwa kavu. Nina mwalimu mmoja aliyepita mikononi mwangu zamani, yuko huko kwenye visiwa vya mikoko. Akija Kibiti mjini kufuata mshahara anakaa mahali penye mtandao, anapakua vitabu vya Taasisi ya Elimu, anavitia kwenye kadi ya simu, anarudi navyo. Mwaka 2024, mafuriko ya Aprili yalipoifunika Rufiji na Kimbunga Hidaya kikafuata Mei, mabegi mengi ya vitabu katika delta yaliloa. Kadi yake alikuwa ameifunga kwenye ncha ya kikoi. Hakuna kozi iliyomfundisha fundo hilo.

Wala msinisikie mkadhani hatuna vifaa. Tunavyo! Sensa ya Agosti 23, 2022 ilihesabu watu 61,741,120 kwa vishikwambi, na baada ya hapo serikali ikavigawa kwa walimu, karibu laki tatu nchi nzima. Ni wazo zuri, tena la kubana matumizi. Mimi nilikuwa karani wa sensa, kwa hiyo kifaa na mimi tulikuwa tunajuana. Hadi leo nikikishika darasani nashikwa na hamu ya kumwuliza mtoto usiku wa kuamkia leo alilala katika kaya ya nani na kaya hiyo ina mbuzi wangapi.

Shida ni kwamba na chenyewe hakijasahau kazi ya kwanza. Kingali kinahesabu. Kila kukicha kundi la WhatsApp linaita: "Habari za asubuhi wapendwa. Naomba idadi ya wanafunzi waliohudhuria, madawati mazima, madawati mabovu na matundu ya vyoo, kwa jinsi. MWISHO SAA NNE. NB: Jambo hili ni la haraka sana." Matundu ya vyoo tunaulizwa mara kwa mara kana kwamba yanazaana usiku. Nikiwa na kipindi cha saa tatu, watoto wanaandika peke yao na mimi niko dirishani nimenyoosha mkono natafuta mtandao niripoti kwamba watoto wanafundishwa. Hili nalo vyuoni halifundishwi, na ndilo atakalolifanya mwalimu kwa kifaa hicho kuliko jingine lolote. Binti nilimfundisha mwenyewe. Siku mbili akawa ananishinda kasi, na akagundua kwamba matundu ya mwaka juzi ukiyanakili hakuna anayeng'amua.

Waliporudi chuoni, juma lililofuata ikaingia fomu mpya, ya kielektroniki, ya haraka sana kama dada zake. Swali la sita: "Walimu tarajali waliopata umahiri wa kutumia TEHAMA katika ufundishaji." Nikaketi. Orodha ya tundu la tatu ilikuwa zamu yangu, nikachomeka, nikaanza kuandika kwa kirefu, kuanzia kwenye Zohali.

Mfumo ukakataa. Unapokea tarakimu tu.

Nikaandika 1. Mfumo ukauliza: Me au Ke? Nikabofya Ke, nikatuma, nikaenda zangu kunywa chai ya kuni. Saa nne haijafika kishikwambi kikalia: "Mwalimu, takwimu zako hazioani na za chuo. Rekebisha haraka. Pia hujajaza matundu ya vyoo."